UZI: Kupanga skani za spektromita ya masi kwa glaikopeptaidi – sukari za N na za O haziendi kwa mpangilio mmoja

Kilele204 ameandika:

Heshima kwenu wakuu. Uzi huu ni wa wanaopima glaikopeptaidi nzima, yaani peptaidi ikiwa bado imebeba sukari yake, kwa mashine za familia ya Orbitrap (spektromita za masi zenye usahihi mkubwa). Swali la "niweke nishati ngapi" (ya kugonga na kuvunja ayoni) linaulizwa kila mara, na mara nyingi watu wanajibu kabla ya kuuliza: ni sukari ya N (iliyokaa kwenye asparajini) au ya O (iliyokaa kwenye serini au threonini)?

Tuanzie hapo. Kifungo cha sukari na sukari hukatika kwa nishati ndogo kuliko kifungo cha peptaidi. Ukigonga ayoni kidogo, sukari inabomoka hatua kwa hatua na peptaidi inabaki nzima. Unapata ngazi ya ayoni za Y (peptaidi pamoja na mabaki ya sukari), lakini mfuatano wa amino asidi husomi. Ukigonga sana, mfuatano unatokea kupitia b na y (vipande vya uti wa peptaidi), ila ngazi ya Y imeshapotea na chini kumejaa vipande vidogo vya sukari vya m/z (masi kwa chaji) 138 na 126. Hakuna nishati moja inayotoa vyote. Kwa hiyo kwa N tunatumia HCD (kupasua ayoni kwa kuigonga kwenye gesi) ya ngazi tatu: mashine inajaza ayoni kwa mafungu, kila fungu linagongwa kwa nishati yake, kisha vipande vyote vinapimwa pamoja katika skani moja.

Kwa N hilo mara nyingi linatosha. Sukari hukaa kwenye asparajini ya mfuatano N-X-S/T (X ni yoyote isipokuwa prolini), na peptaidi ya tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) kwa kawaida huwa na mfuatano huo mara moja tu. Ukishaijua peptaidi, mahali pamejulikana. Kwa O, serini au threonini yoyote yaweza kubeba, zaweza kuwa tano au sita zimepangana, na HCD inaing'oa sukari kabla peptaidi haijakatika. Unajua jumla ya sukari, hujui imekaa wapi. Hapo lazima ukate kwa elektroni: ETD, au bora zaidi EThcD (ETD ikifuatwa na HCD). Kundi la mwanakemia Carolyn Bertozzi pale Stanford lililinganisha njia hizi mwaka 2020 na jibu likawa hilohilo: HCD ya ngazi kwa N, EThcD kwa O.

Mpangilio wa kuanzia kwa N kwenye Fusion Lumos (Orbitrap yenye ETD), kolamu ya 75 µm × 25 cm:

- MS1 (skani ya ayoni nzima): Orbitrap ya rezolusheni 120,000 (kwa m/z 200), m/z 400–2000, AGC (idadi ya ayoni za kujaza) 400,000, kujaza hadi 50 ms, RF ya mlangoni (volti zinazoongoza ayoni kuingia) 30%
- Chaji 2 hadi 8, zenye chaji kubwa zitangulie
- Ayoni iliyokwisha kupasuliwa ifungiwe sekunde 15–20, ±10 ppm (sehemu kwa milioni), pamoja na isotopu zake
- Dirisha la kutenga: 2 m/z
- MS2 (skani ya vipande): HCD 20-30-40 (NCE, nishati ya kugonga iliyosawazishwa), Orbitrap 30,000, skani ianzie m/z 120, AGC 200,000, kujaza hadi 150 ms
- Mzunguko: sekunde 3

Kuhusu hiyo 120. Ukiiachia mashine ichague yenyewe mwanzo wa skani, itaupandisha kadiri m/z ya ayoni mama (ile inayopasuliwa) inavyopanda, na glaikopeptaidi nyingi ziko juu ya 900. Unapoteza 126.0550, 138.0550, 144.0655, 168.0655, 186.0761, pengine hata 204.0867. Hizo ndizo ayoni za oksoniamu zinazokuthibitishia kwamba spektra ni ya glaikopeptaidi. Usiikubali mipangilio ya kiwandani hapa.

---

Kolamu75 ameandika:

Shukrani mkuu. Ninapima IgG (kingamwili) ya binadamu, iliyokatwa kwa tripsini, bila kuchuja glaikopeptaidi kwanza. Glaikopeptaidi ya G0F (sukari ya N yenye fukosi, bila galaktosi) inachaguliwa ikiwa na chaji 2 kwenye 1317.53, spektra inatoka imeharibika, karibu yote ni 138 na 204. Ile ya chaji 3 kwenye 878.69 ipo na ina nguvu ya kutosha ila haichaguliwi kabisa kwa MS2. Nishati ni 20-30-40 kama ulivyoandika. Kwa nini moja iharibike na molekuli ni ileile?

---

MtegoWaAyoni ameandika:

@Kolamu75 molekuli ni ileile, nishati siyo. Namba ya NCE si volti. Mashine inaigeuza hivi: NCE × (m/z ÷ 500) × kigawo cha chaji. Kigawo ni 1 kwa chaji 1, 0.9 kwa chaji 2, 0.85 kwa 3, 0.8 kwa 4, na 0.75 kuanzia 5.

Kwa NCE 30:

1317.53, chaji 2: 30 × 2.635 × 0.9 = takriban 71 eV
878.69, chaji 3: 30 × 1.757 × 0.85 = takriban 45 eV

Ngazi ya juu, 40, inaifikisha ile ya chaji 2 kwenye 95 eV. Sukari haiwezi kubaki. Halafu kuna suala la protoni. Peptaidi yako, EEQYNSTYR (kila herufi ni amino asidi moja), ina ajinini (R) moja, na ajinini inaishika protoni yake kwa nguvu. Kwenye chaji 2 inabaki protoni moja tu ya kuzunguka, kwenye chaji 3 zinabaki mbili, kwa hiyo uti wa peptaidi unakatika kwa urahisi zaidi hata kwa eV chache.

Kuna mambo mawili ya kubadilisha. Kwanza, panga foleni ianze na chaji kubwa, si kilele kirefu. Pili, angalia kama umeweka alama pale panaposema ayoni mama ipasuliwe kwa chaji moja tu. Alama hiyo ikiwepo, mashine ikishaipasua ya chaji 2 inaifungia na ya chaji 3, ndiyo maana unaiona MS1 ila haina MS2. Iondoe.

Kama sampuli yako inatoa chaji 2 pekee kwa peptaidi fulani, tenga tawi la pili la njia: chaji 2 ipewe 15-25-35, chaji 3 na kuendelea zibaki 20-30-40. Lumos inaruhusu matawi hayo bila shida.

---

Kolamu75 ameandika:

Alama ilikuwepo. Nimeitoa. Na nitajuaje kwamba nishati sasa iko sawa, nisitegemee programu ya utafutaji pekee?

---

Kilele204 ameandika:

IgG ndiyo sampuli nzuri ya kujipimia, hesabu zake ziko wazi. Peptaidi EEQYNSTYR ya IgG1 ina masi 1188.5047. Kwenye spektra ya G0F tafuta kwa chaji 1:

Y0 (peptaidi tupu): 1189.512
Y1 (peptaidi + HexNAc moja, yaani sukari aina ya GlcNAc au GalNAc): 1392.591
Y1 pamoja na fukosi: 1538.649

Y1 ikiwa imesimama wazi, 204.0867 na 366.1395 (heksosi na HexNAc pamoja) zipo, na vilele kadhaa vya y vya peptaidi vinaonekana juu ya kelele, nishati iko mahali pake. Ukiona Y nyingi kubwa na 366 lakini b na y hakuna, ongeza ngazi ya juu kwa 5. Ukiona 138 na 126 zimetawala na Y1 haipo, shusha ngazi zote tatu kwa 5.

Tena IgG inafundisha kitu ambacho MS1 peke yake haiwezi kukitatua. IgG4 ina EEQFNSTYR, yaani tirosini moja imekuwa fenilalanini, pungufu ya 15.9949. Tofauti ya heksosi na fukosi nayo ni 15.9949. Kwa hiyo IgG4 yenye G1 (galaktosi moja, ambayo ni heksosi) isiyo na fukosi ina masi ileile hasa na IgG1 yenye G0F. Hakuna rezolusheni itakayozitenganisha. Y1 inazitenganisha: 1392.591 kwa IgG1, 1376.596 kwa IgG4. Ukitaja aina ndogo za IgG kwa MS1 na muda wa kutoka tu, Y1 hujaiangalia, usichapishe.

---

Bi_Spektra ameandika:

Naomba nikae hapohapo kwenye masi, kwa sababu majina mengi ya uongo kwenye glaikopeptaidi hayatoki kwenye MS2, yanatoka kwenye MS1.

Kubwa kuliko yote ni kilele cha kwanza cha isotopu kukosewa. Molekuli ikifika 4,000 Da (daltoni, kipimo cha masi) kilele cha kwanza si kirefu tena, kirefu ni cha tatu. Kama ayoni ni chache, kile cha kwanza kinazama kwenye kelele na mashine inaanza kuhesabu kutoka cha pili. Kwa peptaidi ya kawaida programu inarekebisha na maisha yanaendelea. Kwa sukari ni balaa. Asidi ya sialiki (NeuAc) ni 291.0954, fukosi mbili ni 292.1158, tofauti 1.0204. Kosa la isotopu moja ni 1.0034. Kinachobaki kati yake ni 0.017 Da tu, ambayo kwa molekuli ya 4,000 Da ni takriban 4 ppm. Ukiweka uvumilivu wa 10 ppm na ukaruhusu makosa ya isotopu, programu yaweza kukuandikia fukosi mbili pale palipo na sialiki moja, na alama za utafutaji zitakuwa nzuri tu.

Dawa iko sehemu mbili. Kwenye mashine: MS1 ya 120,000, si 60,000, na ayoni za kutosha, kwa hiyo usibane muda wa kujaza chini ya 50 ms. Masi isahihishwe kwa 445.1200 ya hewani wakati wa kupima. Kwenye data: kila palipotajwa NeuAc, 274.0921 na 292.1027 lazima ziwepo. Palipotajwa fukosi mbili au zaidi na 274 imesimama imara, jibu hilo likataliwe au liangaliwe kwa jicho.

Mengine yanayolingana hadi desimali ya mwisho:

Fukosi + methionini iliyooksidishwa = heksosi. Peptaidi yenye methionini iangaliwe mara mbili.

NeuGc + fukosi = NeuAc + heksosi. Binadamu hatutengenezi NeuGc (sialiki ya aina nyingine), kwa hiyo kwa sampuli ya damu ya binadamu itoe kwenye orodha ya sukari. Kwa fetuini ya ng'ombe au seli za panya iache, na udai 290.0870 au 308.0976.

Fukosi + 57.0215 = HexNAc. Hiyo 57.0215 ndiyo alama ya ayodoasetamidi, dawa ya kuziba sisteini. Ukizidisha dawa au muda, inashika mahali pasipo sisteini na programu inaona HexNAc ambayo haipo. Kloroasetamidi ina tabia nzuri zaidi. Ukibaki na ayodoasetamidi, usizidishe 20 mM kwa dakika 30 gizani, kisha izime kwa DTT.

---

Kolamu75 ameandika:

Hili la 57 sijawahi kulisoma popote. Ahsante sana dada.

---

Sialiki_Tatu ameandika:

Naongeza swali. Glaikoprotini ya asidi alfa-1 ya damu (AGP). Kila umbo lenye sialiki tatu ninaliona pia na sialiki mbili, moja na sifuri, kwa uwiano unaobadilika nikibadilisha sindano ya kunyunyizia. Je, ni maumbo halisi?

---

Bi_Spektra ameandika:

Ukiona uwiano unafuata sindano, sehemu yake inavunjika mlangoni kabla ya kupimwa. Chora mkondo wa kila umbo kwa ±5 ppm na uweke mmoja juu ya mwingine. Kwenye kolamu ya C18 na asidi ya fomiki, umbo lenye sialiki nyingi hutoka baadaye kidogo kuliko lenye chache. Umbo halisi lina kilele chake mwenyewe, chenye muda wake. Lililovunjika mlangoni litapanda na kushuka sambamba kabisa na lile kubwa. Mara nyingi utaona vyote viwili: kilele halisi mapema, na nundu ya uongo chini ya umbo kubwa. Kwa kupima kiasi, hesabu ile ya mapema tu.

Kisha punguza ukali: RF ya mlangoni 30% isizidi 40, nishati ya kuvunja mlangoni iwe 0, mrija wa kuingizia 275 °C badala ya 320. Angalia 204.0867 na 366.1395 ndani ya MS1 (fungua mara moja skani ya MS1 ianzie 200). Zikipungua unaposhusha RF, umepata chanzo.

---

MtegoWaAyoni ameandika:

Sasa upande wa O, maana uzi umeelemea N.

Kwanza toa N zote kwa PNGase F (kimeng'enya kinachokata sukari za N), la sivyo zitakula foleni. Kumbuka inaacha asparajini imegeuka, +0.9840, iweke kwenye utafutaji.

Pili, usiipe EThcD kila ayoni. Ni ya polepole na haiongezi kitu cha maana kwa peptaidi tupu. Njia inayofaa ni hii: HCD ya haraka kwanza (NCE 28, Orbitrap 30,000, kuanzia m/z 120, kujaza 60 ms), na pale tu ayoni za oksoniamu zinapoonekana, mashine irudi kuitenga ayoni mama ileile na kuipa EThcD. Masharti ya kuwasha: 138.0550, 204.0867, 366.1395 na 274.0921, angalau moja kati yake iwemo kwenye vilele 20 virefu, ±15 ppm.

Hiyo ppm msiilegeze, na msiisome HCD hii kwenye mtego wa ayoni (kipimaji cha haraka chenye usahihi mdogo) ili kuokoa muda. Histidini inatoa kipande cha 138.0662. Kutoka 138.0550 ni tofauti ya 0.0112, karibu 81 ppm. Orbitrap inazitenganisha kirahisi, mtego hauwezi, na kila peptaidi yenye histidini itawasha EThcD bure.

Skani ya EThcD yenyewe:

- Chaji 3 na kuendelea. Chaji 2 achana nayo: baada ya kupokea elektroni inabaki imeshikamana, c na z (vipande vya uti wa peptaidi vya ETD) hazionekani
- m/z ya ayoni mama chini ya 1000. Ikizidi hapo msongamano wa chaji ni mdogo, mavuno yanashuka sana
- Muda wa mmenyuko uachwe ufuate kalibresheni ya chaji. Kasi yake inakwenda na mraba wa chaji, kwa hiyo chaji 3 inahitaji muda mara 1.8 hivi wa chaji 4. Muda mmoja kwa wote utazikaanga za 5 na kuziacha za 3 mbichi
- Nishati ya nyongeza 25
- Orbitrap 30,000, m/z 120–4000, AGC 200,000, kujaza hadi 250 ms. Msipunguze, maana ETD inagawa ishara ya ayoni moja kwenye njia nyingi

Mahali pa sukari panathibitika pale tu c au z zipo pande zote mbili za serini inayodaiwa. Na tukumbuke upande wa N wa prolini haukatiki kwa ETD, wakati maeneo ya musini (protini zilizojaa sukari za O) yamejaa prolini. Pengo hilo si kosa la mashine.

---

Sialiki_Tatu ameandika:

Sisi tuna Q Exactive HF, haina ETD. Tuache O kabisa?

---

Kilele204 ameandika:

Usiache, ila punguza dai. HCD ya ngazi itakupa peptaidi na jumla ya sukari iliyobeba. Ripoti hivyo, bila kutaja serini namba ngapi. Kwa HF: MS1 120,000, AGC 1,000,000, MS2 30,000, AGC 200,000, kujaza 200 ms. Thamani za AGC za QE na za Lumos hazilingani, msinakili moja kwa moja kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Unaweza pia kujua kama HexNAc ni GalNAc (O) au GlcNAc (N) bila ETD. Chukua nguvu za (138 + 168) ugawe kwa (126 + 144). GalNAc peke yake inatoa chini ya 2, kwa kawaida chini ya 1. GlcNAc inatoa juu ya 2, mara nyingi mbali zaidi. Sukari ya O yenye kiini cha 2 ina zote mbili, itakaa katikati, kwa hiyo usiitumie namba hiyo kama kisu. Uwiano unahama na nishati; linganisha spektra zilizopigwa kwa ngazi zilezile tu.

---

Kolamu75 ameandika:

Nimeendesha upya, chaji 3 imeingia na Y1 ya 1392.59 imesimama. Mawili ya mwisho. Kujaza 150 ms hakutanipunguzia idadi ya skani? Na nina 1392.59 na 1538.65 pamoja kwenye spektra moja, je, ni maumbo mawili yaliyotoka pamoja?

---

MtegoWaAyoni ameandika:

La kwanza: itapunguza. Orbitrap ya 30,000 inapima kwa 64 ms, na ukijaza kwa 54 ms au chini, kujaza kunafanyika wakati skani iliyotangulia bado inapimwa, unapata kama 15 kwa sekunde. Kwa 150 ms kujaza ndiko kunaamua kasi, unabaki na 6 hivi. Mzunguko wa sekunde 3 ukitoa MS1 (256 ms) ni skani 17 au 18. Kwa kilele cha sekunde 30 bado una nukta 10 za MS1, inatosha hata kwa kupima kiasi. Glaikopeptaidi hafifu inahitaji ayoni kuliko inavyohitaji kasi. Ila kwa IgG isiyochujwa peptaidi tupu ndizo zitakazomaliza hizo 17, kwa hiyo chuja kwa HILIC (kolamu inayoshika sukari): pakia kwenye asetonitrili 80% na TFA (asidi) 1%, osha kwa hiyohiyo, toa kwa TFA 0.1% ya maji.

---

Bi_Spektra ameandika:

La pili: hapana, ni umbo moja. Fukosi ya kiini inadondoka kirahisi, kwa hiyo Y1 yenye fukosi na isiyo nayo huonekana pamoja, na kwa IgG hilo ndilo linalotarajiwa.

Kwa AGP kuwa mwangalifu zaidi. Kwenye ayoni zenye protoni fukosi inaweza kuhama kutoka tawi moja kwenda jingine wakati wa kugongwa, na hata kufika kwenye kiini. Y1 + 146.0579 hafifu isiwe ushahidi wa fukosi ya kiini. Tafuta 512.197 (heksosi, HexNAc na fukosi) na 803.293 (hiyohiyo pamoja na NeuAc), zinazoelekeza kwenye tawi. Kama 512 ni kubwa na Y1 yenye fukosi ni ndogo, andika muundo wa idadi tu, mahali pa fukosi paache wazi mpaka uthibitishe kwa kimeng'enya cha fukosidasi kinachochagua aina ya kifungo.